Moto Ndani, Pumzi Yake Nje

Leo nazungumza juu ya baridi ya Usambara na swali linalorudi kila kipupwe kinapoingia kwa watu wanaolala ndani ya magari: nitumie hita gani? Wanaouliza ni watu wa aina mbili tofauti kabisa. Wa kwanza ni dereva wa Fuso au Canter na utingo wake, waliopanda Lukozi kufuata kabichi, karoti na viazi, na sasa wanasubiri mzigo ujae ili washuke Mombo na kuelekea Dar es Salaam. Wa pili ni mtalii, wa ndani au wa nje, aliyekuja na gari lake kutembelea Magamba, Irente, Mambo na Mtae, akaona ni vizuri zaidi kulala humo humo kuliko kutafuta chumba. Jibu langu kwa wote wawili ni moja, nami nitautumia muda huu kulitetea. Usichague hita kwa kuuliza inatoa joto kiasi gani. Uliza kwanza hewa ya moto wake inatokea wapi. Kama moto unawaka mle unamolala, na hewa yake inabaki mle mle, hicho si chombo cha kulalia, hata kiwe cha bei gani na kimetoka nchi gani. Na ukishauliza swali hilo kwa uaminifu, huenda ukagundua kwamba kwa baridi yetu huhitaji moto kabisa.

Tuipime kwanza baridi yenyewe, maana wengine huidharau na wengine huikuza. Mombo, pale barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, ipo kwenye mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Lushoto upo karibu mita 1,400, na kati yao kuna kilomita 32 tu za kona. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mtu aliyekuwa akitokwa jasho Mombo saa kumi alasiri hujikuta anatafuta sweta Lushoto kabla ya magharibi. Akiendelea hadi Magamba, ambako vilele vinapita mita 2,000, anapoteza nyuzi nyingine 3 au 4. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapopandisha unyevu kutoka baharini na ukungu ukalala mabondeni, usiku mjini Lushoto kipimajoto hukaribia nyuzi 10, na huko juu hushuka zaidi. Hiyo ni baridi ya kweli. Kwa mtu aliyelowa mvua, mwenye njaa, au aliyekunywa pombe akalala bila kujifunika, ni baridi inayoweza kudhuru. Lakini tusiisahau namba yenyewe: ni nyuzi 10 juu ya sifuri. Hita zinazotangazwa kwa wapiga kambi wa Ulaya na Marekani zimebuniwa kwa usiku ambao maji huganda ndani ya chupa. Tukizichukua bila kupima, tunabeba hatari ya kupambana na theluji mahali ambapo theluji haipo.

Kinachokimbiliwa zaidi kwetu si hita ya dukani bali ni jiko la mkaa. Sababu zinaeleweka: jiko lipo, mkaa upo, na mkaa ukishashika vizuri hautoi moshi. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtu huliwasha jiko nje, hulipepea mpaka mkaa uwe mwekundu na majivu meupe yaanze kuufunika, kisha huliingiza kwenye kabini akiamini kwamba sumu imekwisha kwa kuwa moshi umekwisha. Kilichokwisha ni kile ambacho macho yanakiona na pua inakinusa. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kaboni ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyo na ladha. Kwa hiyo jiko linaloonekana limetulia, ambalo kila mtu angesema sasa linafaa kuingizwa ndani, linaendelea kuimwaga gesi hiyo mpaka kaa la mwisho lizimike. Kuni, kwa ubaya wake wote, humfukuza mtu kwa kumwasha macho na kumkohoza. Mkaa humkaribisha.

Tupige hesabu, kwa sababu katika jambo hili hesabu inashawishi kuliko hofu. Vipimo vya kuungua kwa mkaa vinaonyesha kwamba kilo moja hutoa takriban gramu 200 za kaboni monoksaidi. Chukua gramu 100 tu za mkaa, yaani vipande vichache. Hizo zitatoa gramu 20 za gesi. Kabini ya lori la kati tuikadirie kuwa na mita 4 za ujazo. Gramu 20 zikisambaa humo, kila mita ya ujazo inapata miligramu 5,000. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtu asivute zaidi ya miligramu 100 kwa mita ya ujazo, na hiyo ni kwa dakika 15 tu. Tumekipita mara 50. Utaniambia lori lenyewe ni kuukuu, mipira ya milango imechakaa, hewa inapita. Sawa, tuseme robo tatu ya gesi yote inavuja nje. Bado tumekipita kiwango zaidi ya mara 12, na tunazungumzia vipande vichache vya mkaa, si jiko lililojaa, na mtu aliyelala halali dakika 15. Ndiyo maana kila msimu wa baridi magazeti na redio za Tanzania na Kenya hutangaza habari ile ile ya watu waliokutwa wamefariki chumbani, mlango umefungwa, jiko limezimika pembeni ya kitanda. Gari ni chumba kidogo kuliko vyote, na kimetengenezwa makusudi ili upepo na mvua visiingie.

Gesi hiyo inafanya nini mwilini? Ikiingia mapafuni hushika hemoglobini ya damu, ile inayobeba oksijeni, na huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe inavyoishika. Ni sawa na abiria anayekalia kiti cha daladala na kukataa kushuka: gari linaendelea na safari zake, kituo baada ya kituo, lakini wenye haja ya kusafiri wanabaki barabarani. Damu inazunguka, moyo unapiga, ila ubongo haupati chake. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na kwa mtu wa kwetu dalili hizo zina majina mengine tayari: malaria, mafua, uchovu wa safari. Aliyelala hapati hata nafasi ya kukosea jina, maana usingizi wake unaongezeka uzito mpaka haamki tena. Na si lazima sumu iue usiku ule ule. Mwili ukirudishwa kwenye hewa safi ya kawaida huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza nusu tu ya gesi iliyoshika damu. Mfikirie basi dereva aliyevuta kiasi usiku kucha, akaamka alfajiri na kichwa kizito, akanawa uso, akawasha lori lililojaa kabichi na kuanza kuteremka kona za Soni, huku upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo. Tunapohesabu madhara ya jiko lile, tunapaswa kumhesabu na yeye, na kila anayepandisha kutoka Mombo asubuhi hiyo.

Kuna jambo la milimani ambalo watu wa pwani hawalifikirii. Kwenye mita 1,800 hivi, mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Tanga mjini. Kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Mtu mzima mwenye afya huzoea bila kutambua, lakini akiba ya mwili imeshapungua kabla sumu haijaingia. Moto nao unapata oksijeni pungufu kwa kila lita ya hewa, na moto unaokosa oksijeni ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba aliwahi kulala na jiko Korogwe akaamka salama hajathibitisha lolote kuhusu Magamba. Wala hajathibitisha kuhusu Korogwe, maana aliyelala asiamke hayupo kutueleza.

Pingamizi la kwanza ninalolijua ni la gesi ya kupikia. Serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, kwa lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imeshaenea hadi vijijini. Basi mtu husema: mimi sitaki mkaa, nitawasha jiko la gesi ndani ya gari kwa muda mfupi, moto wake ni wa bluu, ni safi. Ni kweli kwamba moto wa bluu uliopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi kidogo sana kuliko mkaa. Lakini gari lililofungwa halina hewa ya kutosha kwa muda mrefu. Gesi inapoungua hula oksijeni ya mle ndani, moto ukaanza kugeuka wa njano, na hapo ule usafi umekwisha. Tena LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, pale pale palipotandikwa godoro, ikisubiri cheche. Na liko jambo la tatu ambalo wengi hawalitegemei: kila kilo ya gesi inayoungua hutoa zaidi kidogo ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Mvuke huo hauna pa kwenda. Unagota kwenye vioo na kwenye bati la paa, unageuka matone, unadondoka kwenye blanketi, na alfajiri mtu anaamka akiwa ameloana ndani ya gari ambalo alitaka kulikausha. Katika milima yenye ukungu kama hii, kuloa ndiko kunakoleta baridi. Nishati safi ya kupikia ni neema kubwa, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, lakini ni ya kupikia, na ukiwa na gari upikie nje.

Mtalii atasema kwamba yeye anayo hita maalumu ya propeni, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahema na magari, yenye kitambuzi kinachoizima oksijeni ikipungua. Vyombo hivyo vipo na ni bora mara nyingi kuliko jiko la mkaa. Hata hivyo kitambuzi hicho hupima oksijeni, hakipimi kaboni monoksaidi, na hivyo ni vitu viwili. Watengenezaji wa Mr. Heater, hita za Kimarekani zinazojulikana sana kwa wapiga kambi, wenyewe hueleza kwamba juu ya futi 7,000, yaani zaidi kidogo ya mita 2,100, hita yao inaweza kujizima kwa sababu hewa ni nyembamba. Sehemu za juu za Magamba zinapita hapo. Hoja kwamba wenzetu wa ng'ambo wanazitumia nayo haitoshi. Huko Marekani, penye sheria, vipimo na ving'ora, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema watu zaidi ya 400 hufa kila mwaka kwa kaboni monoksaidi kwa bahati mbaya, mbali na wanaokufa kwenye majengo yanayoungua. Sisi tusiokuwa na ving'ora hivyo katika magari na nyumba zetu tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko wao.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee wetu, nami nalijibu kwa heshima. Wasambaa wameishi katika milima hii karne nyingi, na moto uliwaka ndani ya nyumba za msonge usiku kucha, watoto wakilala kando yake. Mbona hawakwisha? Jibu liko kwenye nyumba. Nyasi hupumua. Moshi ulipanda ukapenya kwenye paa lote, ukikausha mahindi darini njiani, na hewa mpya ikaingia chini ya mlango na katikati ya fito. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni, unaojitangaza kwa moshi, na mama aliyelala kando yake aliamka kuusukuma au kuupunguza. Hata hivyo moshi ule haukuwa bure: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Lakini ule usalama wa kiasi uliokuwapo ulitokana na paa la nyasi. Tumelibadilisha paa kuwa bati, ukuta kuwa tofali na saruji, dirisha kuwa kioo, halafu tukauacha moto ule ule katikati. Gari ndilo mwisho wa mabadiliko hayo: bati, kioo na mpira pande zote.

Waliojenga Lushoto enzi za Wajerumani, walipouita mji Wilhelmstal, na Waingereza waliofuata, walikuta baridi hii hii na wakataka moto ndani ya nyumba zao za mawe na matofali. Tazama mapaa ya nyumba zile za zamani, utaona madohani. Moto uliwaka sebuleni, lakini hewa yake ilikuwa na barabara yake ya kutokea juu. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayozitofautisha hita za magari zinazofaa na zisizofaa. Zipo hita za dizeli, zilizopata umaarufu kupitia kampuni za Kijerumani za Webasto na Eberspächer, na sasa zinatengenezwa kwa wingi China. Moto wake unawaka ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa. Bomba moja linavuta hewa ya kuunguzia kutoka nje, bomba la pili linatoa hewa chafu nje, na feni inapuliza hewa ya ndani ikipita juu ya chuma kilichopata moto bila kukutana na moshi. Hata ikifanya kazi kwa nguvu zote, hita ndogo ya kilowati 2 hutumia takriban robo lita ya dizeli kwa saa. Kama mwenye gari la utalii au kampuni ya malori inataka kweli kuweka joto, hiyo ndiyo ya kununua. Ifungwe na fundi anayejua kazi yake, bomba la kutolea moshi lipite chini ya gari na lielekezwe mbali na madirisha, na maungio yakaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa barabara zetu zinatingisha kila kitu. Dohani iliyopasuka si dohani.

Umeme nao hauna moshi, lakini una mipaka yake. Betri ya N70 hubeba ampea-saa 70 kwa volti 12, yaani wati-saa 840 ikiwa mpya na imejaa. Ukiunganisha hita ya wati 500, kwa hesabu ya karatasini utapata saa moja na dakika 40. Kwa kuwa betri ya asidi haipaswi kunyonywa zaidi ya nusu, unabaki na dakika 50, kisha alfajiri unatafuta watu wa kusukuma gari kwenye ukungu. Wengine husema basi tuwashe injini, tutumie joto lake. Injini ikinguruma gari limesimama, na nyuma yake kuna ukingo wa udongo kama ilivyo sehemu nyingi za barabara zetu za milimani, moshi wa ekzosi hurudi chini ya gari na kupenya ndani kupitia sakafu iliyotoboka. Magari yaliyotolewa masega ya ekzosi hutoa sumu zaidi, na tunajua ni mangapi yaliyotolewa. Injini si hita ya kulalia.

Nimefika kwenye hoja ambayo naiona ndiyo kiini. Mwili wa mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80 usiku mzima, bila mafuta, bila betri na bila moshi. Tatizo ni kwamba tunaliacha likimbie. Linakimbilia chini kwanza, kwa sababu blanketi lililokandamizwa na mgongo halina hewa ndani yake na halizuii kitu, na kiti au bati la sakafu linanyonya joto moja kwa moja. Kwa hiyo anza chini: maboksi makavu yaliyokunjuliwa, juu yake godoro la sponji, ndipo blanketi. Kisha vioo: vizibwe kwa maboksi yaliyokatwa kwa kipimo, maana kioo hupoteza joto haraka. Kisha kichwa na miguu: mzula, na soksi kavu zilizotengwa kwa ajili ya kulala tu, zisizoguswa mchana. Badili nguo za jasho kabla ya kulala, kula chakula cha moto, na acha upenyo mdogo wa dirisha upande usiopigwa na upepo, kwa sababu pumzi yako peke yake hutoa karibu glasi ya maji kwa usiku na maji hayo lazima yatoke. Mwisho, chemsha maji nje. Lita 2 za maji ya moto ndani ya chupa imara iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi au kitambaa, zikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 30, huachia joto linalozidi wati-saa 110, nalo linaachiwa miguuni au tumboni pako, si kwenye paa la gari. Ni zaidi ya robo ya kile ambacho betri ingekupa kwa zile dakika 50, na asubuhi maji yenyewe unanawia uso.

Utaniambia hayo ni rahisi kwa mwenye mfuko wa kulalia wa kisasa, lakini utingo anayelipwa kwa safari atayapata wapi? Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo sababu orodha yangu ni ya maboksi, soksi na maji. Blanketi zito la mitumba hudumu miaka, na mkaa hununuliwa kila siku. Lakini silielekezi jibu hili kwa utingo peke yake. Mwenye lori anayehakikisha kuna jeki na tairi la akiba anaweza kuhakikisha kuna mablanketi mawili na sponji. Kijana anayetafuta joto kwenye jiko usiku wa manane hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya hivyo kwa sababu hakuna aliyemwandalia njia nyingine. Vivyo hivyo kwa waongoza watalii wa Lushoto: mnaowapangia wageni njia, waulizeni watalala na nini na watawasha nini. Na wenye uwezo wa kununua hita yoyote ya moto wanunue pia king'ora cha kaboni monoksaidi, wakifunge karibu na vichwa vyao wanapolala. King'ora ni mlinzi wa pili. Hakigeuzi jiko la mkaa kuwa salama.

Kuna wanaoshikilia kwamba kufungua dirisha kidogo kunatosha. Dirisha kidogo ni la pumzi yako, si la moto. Upepo ukibadilika, au ukatulia kabisa kama inavyotokea ukungu ukilala, hewa haipiti. Na ukilifungua vya kutosha kuondoa gesi ya jiko, umeliondoa na joto ulilolitafuta. Aliye macho anaweza kurekebisha. Aliyelala hawezi, na hita ya usiku ni ya mtu aliyelala.

Ikitokea umemkuta mtu amezimia ndani ya gari lenye jiko, fungua milango yote, mtoe nje mara moja, na wewe usikae humo. Kama hapumui na unajua kumpa huduma ya kwanza ya kifua na pumzi, anza. Usimnyweshe maziwa: sumu hii ipo kwenye damu, haipo tumboni, na aliyezimia anaweza kupaliwa. Mfikishe kwenye kituo chenye oksijeni, kwa kuwa oksijeni safi huipunguza gesi kwa nusu ndani ya saa moja hadi moja na nusu, badala ya zile saa 4 au 5. Nanyi wauguzi, kile kifaa cha kubana kidoleni kilichozoeleka tangu Uviko-19 kisiwadanganye: husoma hemoglobini iliyobeba kaboni monoksaidi kana kwamba imebeba oksijeni, kikaonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini. Hakikisheni na wengine waliokuwa kwenye gari hilo wanapimwa, hata wakisema wanaumwa kichwa tu.

Ninachoomba, msikilizaji, si watu waache kulala milimani. Mboga zetu hazitafika Dar es Salaam bila madereva wanaokesha Lukozi, na Usambara inastahili kila mgeni anayetaka kuiona alfajiri. Naomba tu kanuni moja ishike mizizi kwenye malori, kwenye magari ya watalii na hata kwenye vyumba vyetu vya kulala: moto usio na dohani hulala nje. Anayetaka joto la mashine anunue ile inayotoa pumzi yake nje ya gari. Asiyeweza ajifunike vizuri, akae mkavu, alale na chupa yake ya maji ya moto. Kama kuna dereva unayemjua anayepanda Lushoto wiki hii, mpigie simu leo, mwambie.